Oili Kula: Jinsi Tulivyompandisha Mama kutoka Kamsamba

Wapendwa wa kwaya, na ninyi wengine mnaonisimamisha kila nikitoka ibadani,

Kila aliyeniuliza yaliyotupata nilimjibu kipande. Mmoja nilimpa habari za injini, mwingine habari za mama, mwingine nilicheka tu nikaenda zangu. Matokeo yake, hapa Ihanda kuna wanaosema tuliibiwa injini Tunduma, na kuna wanaosema mama alirudi akiendesha gari mwenyewe. Nimeona niandike yote mara moja, polepole, ili hata asiyejua gari aelewe. Mambo ya vibali na maandalizi nayaruka, hayana ladha.

Kwa asiyejua chanzo: mama alishuka bondeni Kamsamba kukaa na dada yangu mkubwa, Edina, alipofiwa na mumewe. Akiwa huko akateleza kisimani, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini hawezi kukaa kitako safari nzima, lazima alale. Basi halifai. Wenye gari ndogo zinazoshuka kule walituambia wazi kwamba viti hawaving'oi. Ikabaki landrova yetu, ile ndefu ya zamani, ambayo nyuma inaingia godoro.

Mara mbili tulimpakia. Mara mbili, katikati ya mlima wa kutoka bondeni, taa nyekundu ya oili ikawaka, tukarudi naye chini. Tukiwa peke yetu tungeweza kusimama kila kona tungoje injini ipoe. Lakini huwezi kumlaza mgonjwa ndani ya bati juani nusu siku. Mara ya pili tulipomrudisha, mama alitazama ukuta akasema, "Mimi si gunia la mpunga. Mkija tena, nipandisheni moja kwa moja. Mkishindwa, msije." Na mvua zilikuwa zimekaribia. Zikianza, ile barabara mnaijua.

Dereva mmoja wa lori aliyesimama kununua parachichi kwangu ndiye aliyenifungua macho. Nikamweleza kwamba geji ya maji haipandi, ila taa ya oili inawaka. Akasema maji yetu hayana kosa, oili ndiyo inayopata joto mpaka inakuwa nyepesi kama chai. Oili, jamani, haina kazi ya kulainisha tu. Inabeba pia joto kutoka ndani kabisa ya injini, mahali maji yasipofika. Ikizidiwa inakosa nguvu ya kusukuma, na taa inawaka. Dawa yake ni kifaa kama rejeta ndogo, kinakaa mbele, oili inapita ndani yake, upepo unaipoza, kisha inarudi injini. Mafundi wote wanakiita oili kula, hiyo kula ikiwa 'cooler' ya Kizungu. Lishikeni hilo jina.

Ihanda hadi Tunduma

Nilikwenda na shemeji Nzunda, mdogo wa mume wangu, kwa sababu ana namba za simu za watu wote na haoni aibu kuuliza. Mume wangu alibaki na ng'ombe.

Kutoka kwetu hadi Tunduma si mbali, lakini malori yalikuwa yamepanga foleni kuanzia kabla ya Mpemba, na mengine yalikuwa yamejipanga juu ya foleni. Tuliketi hapo hadi chai ya asubuhi ikawa ya mchana. Mama mmoja alikuwa akipita katikati ya matairi na ndoo ya viazi vitamu vya kuchemsha, akiwaita madereva kwa majina. Tukanunua, tukala na chumvi.

Hapo ndipo shemeji alipompigia simu fundi Sichone wa Tunduma, ambaye alikuwa amesifiwa kwetu. Honi zilikuwa zinalia mbele na nyuma. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Fundi, tunakuja na landrova. Oili kula. Nasema oili kula." Akanyamaza, akaziba sikio jingine. "Ndiyo, sana. Mlimani ndiyo zaidi." Akakata simu, akaniambia fundi ameelewa vizuri.

Tulipofika gereji tulimkuta Sichone, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyopoteza rangi. Alizunguka gari kama anayetazama mgonjwa. Akauliza tatizo limeanza lini. Nikamwambia tangu mwaka jana. Akauliza kama kuna moshi. Shemeji akasema moshi hauwezi kukosa, gari lenyewe limetuzidi umri. Sichone akatikisa kichwa kwa huruma, akasema tumwachie hadi kesho jioni.

Nilishangaa kidogo. Kifaa chenyewe tulikuwa hatujakinunua, sasa anataka gari la nini? Nikajijibu mwenyewe kwamba anataka kuandaa mahali pa kukifunga. Mimi nikipewa jambo nisilolielewa, hulitafutia maelezo mazuri, na maelezo yangu huwa mazuri kuliko ukweli.

Ng'ambo, kwa BaMwape

Asubuhi tulivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta kifaa. Tulielekezwa kwenye yadi ya mama mmoja wanayemwita BaMwape, mnene, mchangamfu, aliyeketi katikati ya vyuma vya magari kama muuza nyanya katikati ya matenga. Anajua Kiswahili cha biashara, anachanganya na Kibemba na Kiingereza, na mtu anamwelewa bila shida.

Kwa kila sentensi alimalizia "mukwai". Karibuni, mukwai. Mnatafuta nini, mukwai. Nikaona shemeji anaanza kunyoosha kola. Akaninong'oneza, "Shemeji, huyu mama ananiita mkwe. Ana binti?"

Nikamwambia sijui, labda. BaMwape alikuwa amesikia. Alicheka hadi akashika meza, akatueleza kwamba kwao hilo ni neno la heshima tu, kama sisi tunavyosema tafadhali au mzee. "Binti ninaye," akasema, "lakini wewe kwanza nunua kula." Alilitamka kama sisi, oili kula, na hata pale sikushtuka.

Alitutolea vitatu. Kimoja kikubwa cha lori, nikakikataa. Ukiweka kikubwa mno mbele ya rejeta unaziba upepo unaopoza maji, unaponya huku unaua kule. Kingine mapezi yake yalikuwa yamelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Cha tatu, kidogo, kilitoka kwenye mashine ya shambani. BaMwape alikitumbukiza kwenye beseni la maji, akaziba tundu moja kwa kidole, na kwenye tundu jingine akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Tulikodoa macho kutafuta povu. Halikutoka hata moja, maana yake hakivuji. Akatupatia pia kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya injini na filta, ambacho ndicho kinachoitoa oili nje na kuirudisha ndani.

Tulikula kwake ugali mweupe na majani yaliyopikwa kwa karanga, tukarudi Tunduma na mzigo wetu nimeufunga kwenye khanga kama mtoto. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Injini juu ya gunia

Naombeni mnielewe. Landrova ile naijua kama jiko langu. Nilipoingia gereji jioni hiyo, boneti haikuwepo. Nilichungulia mahali pa injini, nikaona mashimo.

Chini, juu ya gunia la mbolea lililotandikwa vizuri, zilikuwa zimepangwa pistoni, moja moja, safi, kama vyombo baada ya harusi. Kando yake hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kando yake bakuli la nati. Sichone alikuwa amechuchumaa, pistoni moja mkononi, anaigeuzageuza kwenye mwanga.

Niliketi juu ya tairi, nikiwa bado nimekumbatia khanga yangu.

Sichone ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa. "Mama, nimefungua yote. Ringi nzima. Pistoni nzima. Nimetafuta tangu asubuhi, sioni mahali inapokula."

"Inapokula nini?"

"Oili."

"Nani kasema inakula oili?"

"Si ninyi? Huyu bwana kwenye simu amesema inakula oili. Nikamuuliza, inakula sana? Akasema sana, mlimani ndiyo zaidi."

Shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilisikia umeuliza, inachemka sana?"

Hapo nikaelewa, na naomba niwaeleweshe na ninyi. Gari likichakaa ndani, oili huvuja juu na kuungua pamoja na mafuta, linatoa moshi, na kila siku unaongeza. Ugonjwa huo unaitwa gari kula oili, na dawa yake ni kufungua injini yote na kubadili ringi zinazozunguka pistoni. Sisi tulimwambia jina la kifaa. Yeye alisikia jina la ugonjwa. Maneno ni yaleyale mawili, na katika honi za Tunduma nani angejua lipi limetangulia?

Nilifungua khanga, nikamwonyesha kile kifaa. Sichone alikitazama muda mrefu. Kisha akaketi chini kabisa, kwenye oili, na suruali yake.

"Kumbe oili kula," akasema.

"Ndiyo, oili kula."

"Haili."

"Haili, fundi. Inapoza."

Hakuna aliyecheka. Sasa nacheka ninapoandika, lakini siku ile nilikuwa natazama pistoni za gari la kumpandisha mama zimelala juu ya gunia, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Kungoja Tunduma

Injini ukishaifungua hairudi kwa kuifunika tu. Kati ya hedi na injini kuna gasketi, karatasi ngumu yenye bati, ambayo ikishabanwa mara moja haibanwi tena. Na gasketi ya gari la umri ule haipo kwenye kila duka. Sichone, Mungu amjalie, hakubishana. Alisema kosa ni la simu, lakini mikono ni yake, hivyo kufunga atafunga bila kutudai kitu. Tukazunguka maduka yote ya Tunduma. Wauzaji walitutajia magari ya mwaka huu na mwaka juzi, na mmoja alituuliza kama hilo letu linatumia kuni.

Tukarudi Nakonde. BaMwape hakuamini. Alituomba tumsimulie mara ya pili, akawaita majirani zake, tukasimulia mara ya tatu. Yadi nzima ikawa inasema "haili, inapoza" kama kiitikio. Kisha akapotea nyuma ya makontena, akakaa huko mpaka nikadhani ametusahau, akatoka na bahasha ya karatasi iliyoliwa na mende pembeni. Ndani yake gasketi nzima, mpya, iliyobaki tangu enzi za mashamba makubwa ya walowezi waliokuwa na landrova kama yetu. "Mayo, chukua," akaniambia. Mayo ni mama. Nilitaka kumkumbatia, na nilimkumbatia.

Tulipokuwa tunavuka kurudi, simu ikalia. Alikuwa Dada Edina. Alizungumza polepole mno, kama mtu anayeogopa kuangusha kitu.

"Mdogo wangu, mama hali."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu siku tuliyomrudisha. Anakunywa maji, anakunywa chai kidogo. Akipelekewa chakula anasema atakula kwake. Hagombani na mtu. Anasema hivyo tu, nitakula kwangu, anafumba macho.

"Nimepika kila kitu," dada akasema. "Wali, kambale, maziwa. Watu wataona nimemnyima mama chakula. Njooni."

Nilisimama katikati ya watu wanaosukuma mikokoteni, na neno lile lile likawa linanizunguka kichwani. Gari lisilokula tulilifungua kwa sababu ya kula. Na mama, ambaye tulimwacha kwa sababu ya gari, hali. Sikumwambia shemeji hadi tulipofika gereji, kwa kuwa sikuwa na namna ya kulisema bila kulia.

Kufunga

Sichone alipopata habari za mama, alibadilika. Aliwafukuza wote waliokuja kutazama "injini ya oili kula" na akafanya kazi bila kuinua kichwa.

Injini ilipokuwa imerudi pamoja, tukaanza kile tulichokuwa tumejia. Nawaelezeni, huenda siku moja mkahitaji. Filta ilitolewa, kile kipande cha chuma kikaingia mahali pake, na filta ikafungwa juu yake. Kifaa chenyewe tulikifunga mbele ya rejeta, chini kidogo, pembeni, ili kipate upepo bila kuyanyima maji. Vishikio vyake Sichone alivikata kwenye bati la kitanda cha chuma kilichovunjika, na katikati akaweka vipande vya tairi ili mtikisiko usikipasue.

Ilipofika kwenye mipira tukabishana. Yeye alikuwa na mpira wa maji wa rejeta, mzuri, mpya. Nikamwambia hapana. Maji yanatembea, lakini oili inasukumwa. Mpira wa maji utavimba kama puto na kupasukia mlimani. Alinitazama, akafikiri, akasema kweli mama. Tukaenda kwa jamaa wanaotengeneza mipira ya majeki ya malori, wakatukatia miwili na kuibana vichwa kwa mashine.

Tukawasha. Tukaiacha ingurume. Sichone akanishika mkono, akauweka kwenye mpira unaotoka injini. Nikauondoa haraka, ulikuwa unaunguza. Akauweka kwenye mpira unaorudi. Huo niliweza kuushika na kuhesabu polepole. Tofauti ya joto kati ya mipira ile miwili ndiyo kazi yote. Kisha tukazima na kuongeza oili, kwa sababu kifaa kimechukua sehemu ya ile iliyokuwemo. Shemeji ndiye aliyemimina, akaimwaga kidogo pembeni. Kumbukeni hilo.

Wakati wa kuagana, Sichone alisema, "Mama, ukifika juu nipigie. Lakini nipigie ukiwa mahali pasipo na honi."

Kupitia nyumbani, kisha Mlowo

Tulipita hapa Ihanda kuchukua godoro, chupa ya chai na unga wa ulezi. Ulezi ulikuwa wazo la mume wangu. Alisema mama hajawahi kuuita wali chakula, ameuita kitafunio maisha yake yote, na watu wa bondeni wanampelekea wali. Nilimtazama nikashangaa kwamba mimi, mtoto wake, sikuliwaza hilo.

Vwawa hatukusimama. Mlowo tulisimama kutazama oili, tukaacha lami. Njia yote ya juu ilikuwa mashamba yaliyolimwa yakingoja mvua, na watu walitupungia wakidhani tunabeba abiria.

Bondeni

Ukianza kushuka, joto linakuja kukulaki. Kila kona linaongezeka, kama unashuka kwenye chungu. Kamsamba tuliingia jua likiwa bado kali, ng'ombe wamejaa barabarani, na wenyewe wala hawana haraka ya kuwaondoa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mama amekonda. Sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Nilipoingia chumbani nilidhani kitandani kuna nguo tu. Kisha nguo zikasema, "Umekuja na lile gari?"

"Ndiyo, mama."

"Limepona?"

Nikaanza kumweleza, kwa kuwa ndivyo nilivyo, habari za oili na joto na upepo. Akafumba macho. Nikashika mkono wake, na kidole changu na gumba vikakutana kuuzunguka, vikapishana. Habari za oili nikaziacha hapohapo. Naomba msiniulize zaidi kuhusu hapo.

Dada alikuwa amepika wali na kambale. Nilikula kwa ajili yake, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kila tonge. Mama aliletewa sahani, akasema asante, nitakula kwangu. Dada akaichukua. Nilitaka kupika ulezi hapohapo. Mama akakataa hata huo, akasema hapo si kwake, na ulezi wa kwake hauliwi jotoni.

Alfajiri majirani wafugaji walikuja wanne, wakabeba godoro kwa pembe zake na mama juu yake, wakamwingiza nyuma kama wanaopitisha yai. Dada akapanda akaketi karibu na kichwa chake. Mmoja wa wale majirani akamwambia mama, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao Usukumani, kwamba safari hii hatutaki kukuona tena. Mama akacheka. Ni kicheko cha kwanza nilichokisikia.

Kupanda

Mimi niliendesha. Shemeji alipewa kazi moja, kutazama taa ya oili, na aliifanya kama askari. Kila baada ya muda mfupi nilimuuliza, "Kula vipi?" Naye akajibu, "Kula safi." Ndivyo tulivyozoea kukiita kile kifaa tangu Tunduma, kula, kwa kifupi.

Tulifika kona ya kwanza, ile tuliyokwama mwanzo. "Kula vipi?" "Kula safi." Tukaipita. Jua lilikuwa limetoka sasa, na injini ilikuwa inanguruma kwa gia ya chini kabisa. Nyuma dada alikuwa anaimba taratibu wimbo wetu wa kwaya, sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza.

Kona ya pili, karibu na mahali tulipomrudishia mama mara ile nyingine, nikasikia harufu. Oili inayoungua. Shemeji naye akaisikia, nikamwona anavyonitazama. Taa ilikuwa haijawaka. Nikafikiri mpira umepasuka. Nikafikiri juu ya gunia la mpunga. Nikasimamisha gari, nikaweka mawe nyuma ya matairi kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa hofu iliyonishika nilikuwa sihisi uzito wake.

Shemeji alilala chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu mno. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua acheke au afe.

"Ni ile niliyoimwaga," akasema. "Wakati wa kuongeza. Ilibaki pembeni, sasa imeteremka kwenye ekzosi. Inajiungulia yenyewe. Mpira mkavu."

Nilitia mkono mwenyewe, nikapapasa kila kiungo. Vikavu vyote. Kutoka nyuma mama akauliza kwa nini tumesimama, kama tunamrudisha. Nikamwambia hapana, mama, hatukurudishi. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tukaendelea. Kula vipi, kula safi. Kula vipi, kula safi. Sikuamini hata tulipopita kona ambazo hatukuwahi kuziona tukiwa na mama ndani. Taa ile nyekundu niliyoichukia mwaka mzima ilibaki imezimika, na ndiyo kwanza nikaona kumbe katikati yake kuna picha ya kibirika.

Kisha ghafla gari likawa jepesi. Barabara ikalala. Upepo wa kwetu, ule wenye baridi, ukaingia dirishani ukanipiga usoni, nikasimamisha gari kando kwa kuwa nilikuwa sioni mbele kwa machozi.

Nikazima gari. Injini ilikuwa inatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Nyuma, nikasikia mama anavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara ya pili.

"Pamepoa," akasema. "Hapa ni wapi?"

Dada akamwambia ni juu, mama, tumefika juu, lakini nyumbani bado mbali, ni lazima tufike Mlowo kwanza, na Vwawa.

"Mimi sijauliza nyumbani. Upepo huu ni wa kwangu." Akajaribu kujiinua kwa kiwiko. "Tangu bondeni nawasikia huko mbele. Kula vipi, kula safi. Kula vipi, kula safi. Gari lenu limekula njia nzima. Mimi je?"

Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma.

Kisha dada akashuka mbio kuelekea nyumba ya kwanza iliyotoa moshi, akiwa ameubana mfuko wa unga wa ulezi kifuani, akiomba moto kwa sauti kabla hajafika. Shemeji alikuwa ameshashika boneti kutaka kuifungua, atazame ile kula. Nikamwambia aiache, gari halina shida. Atafute kikombe cha uji.